Fedha Zimekatwa, Uthibitisho Haujaonekana: Namna ya Kufuatilia Malipo ya Serikali Mtandaoni kwa Wakazi na Wasafiri wa Kilosa na Mikumi

Na Mwandishi Wetu

Treni haimsubiri abiria ambaye tiketi yake imekwama kwenye simu. Hiyo ndiyo hali anayoweza kukutana nayo mkazi wa Kilosa anayekwenda Dodoma kuwahi kliniki, mwanafunzi anayerejea chuoni Dar es Salaam, au mgonjwa aliyepewa rufaa. Amejaza jina na tarehe ya safari, amelipa, salio limepungua, lakini ukurasa uliopaswa kumwonesha tiketi umebaki mweupe. Mkononi ana simu, na stesheni ana haki ambayo bado haijaonekana kwenye mfumo.

Suala hili limekuwa na uzito zaidi tangu treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania, TRC, ilipoanza safari za kufika Dodoma Julai 25, 2024, mwezi mmoja na siku chache baada ya safari za Dar es Salaam hadi Morogoro kuanza. Kilosa, mji ambao umezoea reli tangu zama za Wajerumani na ambako tawi la reli ya zamani huchepuka kuelekea Mikumi na Kidatu, sasa una stesheni ya reli ya kisasa, na tiketi zake huweza kukatwa mtandaoni. Upande wa kusini wa wilaya hiyohiyo ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kukatwa katikati na barabara kuu ya TANZAM, ambako ada za kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba au kadi ya benki badala ya fedha taslimu. Ukiongeza leseni ya biashara inayoombwa kupitia mfumo wa TAUSI, kodi ya pango la ardhi na ankara za maji, ni wazi kuwa kaya nyingi za wilaya hii hufanya malipo ya aina hii zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Makala haya yanaeleza malipo hayo hupita wapi, hukwama wapi, na mwananchi afanye nini kabla ya kulipa mara ya pili kwa kihoro.

Malipo hupita mikono minne

Malipo mengi ya Serikali mtandaoni hupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, GePG, ambao ulianza kutumika mwaka 2017 chini ya wizara yenye dhamana ya fedha. Mfumo huo wenyewe hauuzi tiketi wala kutoa leseni. Kazi yake ni kuunganisha taasisi inayodai na benki au kampuni ya simu inayopokea fedha.

Mwananchi anapobonyeza kitufe cha kulipa, mfumo wa taasisi hutengeneza ankara na kuituma GePG. GePG huipa ankara hiyo kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo mitaani karibu kila mtu huiita “control number”. Namba hiyo ina tarakimu 12 na huanza na 99. Mwananchi huipeleka benki, kwa wakala au kwenye menyu ya simu yake. Benki au kampuni ya simu huuliza GePG kama ankara ipo na ni ya kiasi gani, hupokea fedha, kisha hutoa taarifa kuwa imelipwa. GePG huipelekea taasisi taarifa hiyo, na hapo ndipo mfumo wa taasisi unapotoa tiketi, kibali au stakabadhi.

Kwa hiyo ipo mikono minne, na kati ya mkono mmoja na mwingine kuna kiungo cha mtandao. Ujumbe wa kampuni ya simu kwamba umelipa ni ushahidi wa kiungo kimoja tu. Unathibitisha kuwa fedha zimetoka kwako; hauthibitishi kuwa taasisi imekwishapata habari. Kutofautisha mambo hayo mawili kunatatua sehemu kubwa ya mkanganyiko, na pengine ndilo jambo moja ambalo msomaji mwenye haraka angepaswa kulichukua hapa.

Kumbukumbu namba isipotoka, au ikikataliwa

Wakati mwingine tatizo huanza mapema zaidi. Mwombaji amejaza fomu yote, amebonyeza, na ukurasa unazunguka bila kutoa namba. Katika maeneo ya milima ya Kilosa, ambako mawimbi ya simu hupanda na kushuka kulingana na kona uliyosimama, mara nyingi ombi lilishafika kwenye seva na kinachopotea ni jibu lake. Kubonyeza kitufe kilekile mara tano hakuharakishi jibu. Huweza kutengeneza ankara tano kwa huduma moja. Utaratibu bora ni kusubiri dakika chache, kuangalia ujumbe mfupi na barua pepe, kisha kuingia upya kwenye akaunti au sehemu ya kuangalia maombi yako na kutazama kama ankara imekwishatengenezwa.

Namba ikishapatikana, huweza kukataliwa kwa sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni kukosea tarakimu. Namba 12 zilizonakiliwa kwenye karatasi kutoka simu ya mtu mwingine hukosewa kwa urahisi, na ni afadhali kuzinakili moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe. Ya pili ni kuchagua njia isiyo sahihi kwenye menyu. Malipo ya Serikali yana sehemu yake katika menyu za kampuni za simu, na pale menyu inapodai namba ya kampuni, namba ya malipo ya Serikali ni 001001. Kumbukumbu namba yenyewe huwekwa baada ya hapo. Kuna watu huingiza kumbukumbu namba mahali pa namba ya kampuni, na mfumo hauwezi kuitambua.

Sababu ya tatu ni muda. Kila ankara ina mwisho wake. Ankara ya kodi huweza kukaa muda mrefu, lakini ya tiketi ya safari hupewa muda mfupi kwa sababu kiti ulichochagua kinashikiliwa kwa jina lako, na usipolipa kinarudishwa kwa abiria wengine. Hapa msomaji aangalie saa kwa makini. Kurasa hizi huandika saa kwa mtindo wa tarakimu 24, na Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo. Ankara iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni 14:00 inakwisha saa nane mchana. Anayesoma 02:00 akadhani ni saa mbili asubuhi amechelewa kwa saa sita kamili. Tatizo hilo hujitokeza pia kwenye saa ya kuondoka kwa treni, na safari za usiku wa manane huongeza lingine, kwani saa 00:30 ya tarehe 15 ni usiku ambao wengi wetu bado tungeuita wa tarehe 14.

Kiasi nacho kina masharti. Baadhi ya ankara hupokea malipo kidogokidogo hadi deni liishe. Nyingine, zikiwemo nyingi za tiketi na vibali, hutaka kiasi kilekile kilichoandikwa, bila pungufu wala ziada. Kumbuka pia kwamba kampuni ya simu au benki huweza kutoza ada yake juu ya kiasi hicho. Mwenye salio la shilingi 31,000 kamili, ambayo ndiyo nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma iliyotangazwa huduma ilipoanza, anaweza kukataliwa kwa kukosa ada ya muamala huku muda wa ankara ukiyoyoma.

Salio limepungua na ukurasa umekwama

Hili ndilo tatizo linaloumiza zaidi, na linastahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Jambo la kwanza ni kutofunga safari ya mawazo kwenye ukurasa. Ukurasa wa uthibitisho ni dirisha tu la kuonesha kilichotokea kwenye seva. Simu ikizimika, kivinjari kikifungwa au kifurushi kikiisha, malipo hayafutiki; dirisha ndilo limefungwa. Kwa mifumo inayotumia kumbukumbu namba, tiketi au stakabadhi hutengenezwa hata kama hakuna mtu anayeutazama ukurasa wakati huo.

Hatua inayofuata ni kutafuta ujumbe wa kampuni ya simu au benki na kuuhifadhi. Ndani yake kuna namba ya muamala, kiasi, tarehe na saa, na mara nyingi kumbukumbu namba iliyolipiwa. Linganisha tarakimu 12 za kwenye ujumbe na zile za ankara yako. Zikitofautiana hata kwa moja, umelipia ankara nyingine na ufuatiliaji wake ni tofauti kabisa. Kama ujumbe haujaja, angalia salio na orodha ya miamala ya mwisho. Salio lisilopungua lina maana kwamba malipo hayakufanyika, na unaweza kujaribu upya ilimradi ankara ingali hai.

Endapo salio limepungua na namba zinalingana, subiri kidogo kisha ufungue upya tovuti ya taasisi kwa kuandika anwani yake mwenyewe. Usirudi nyuma kwa kitufe cha kivinjari, kwa kuwa kivinjari huweza kukuonesha ukurasa wa zamani kiliouhifadhi, unaosema bado hujalipa. Ingia sehemu ya tiketi au ankara zako. Neno “pending”, ambalo kurasa nyingi hulitumia, lina maana kwamba taarifa ya malipo inasubiriwa; si kwamba malipo yamekataliwa. Kwa maoni ya mwandishi, kurasa zinazohudumia wananchi zingeandika tu “inasubiri taarifa ya malipo”, na maswali mengi yangepungua kwenye madirisha ya huduma.

Jambo ambalo halipaswi kufanywa katika hatua hii ni kuomba ankara mpya na kuilipia. Ankara mpya ina kumbukumbu namba mpya, na mfumo hauna namna ya kujua kuwa ni wewe yuleyule mwenye safari ileile. Watu wazima wanne wanaokwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa nauli iliyotajwa hulipa shilingi 124,000. Wakilipa mara mbili ni shilingi 248,000 zimetoka kwa siku moja, na nusu yake itarudi baada ya kuandikiana. Wapo pia wanaojaribu kulipia tena namba ileile ili kuona kama mfumo utakataa. Hicho si kipimo salama. Ankara inayotaka kiasi kamili inaweza kukataa kwa kuwa imekwishalipwa, lakini ile inayopokea malipo ya awamu inaweza kuzimeza fedha hizo kama malipo ya nyongeza.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya kosa hilo usiku mmoja kwa ankara ambayo haikuwa hata na haraka. Asubuhi yake stakabadhi mbili zilikuwa zimefika kwenye barua pepe, zikiwa zimepishana dakika tisa.

Kama safari ni ya siku hiyohiyo, usikae nyumbani ukisubiri ujumbe. Nenda stesheni mapema ukiwa na kitambulisho chenye jina lililojazwa kwenye fomu, kumbukumbu namba, na ujumbe wa muamala. Mhudumu mwenye kumbukumbu namba anaweza kutafuta ankara kwenye mfumo. Mhudumu aliyeoneshwa salio lililopungua hana cha kutafutia. Ni busara kuandika namba hizo kwenye karatasi, kwa sababu simu yenye chaji ya asilimia mbili si jalada la kuaminika.

Taarifa zilizochelewa hazipotei moja kwa moja. GePG na taasisi hufanya usuluhishi wa hesabu, yaani kulinganisha miamala iliyopokelewa na ile iliyoingia kwenye mfumo wa taasisi, na muamala uliokosa jozi yake hubainika hapo. Kwa mlipa kodi ya ardhi, kusubiri usuluhishi hadi kesho yake hakuna madhara makubwa. Kwa abiria wa treni ya jioni, usuluhishi wa kesho humsaidia kupata fedha zake, si kupata kiti. Ndiyo sababu ushauri wa kulipia tiketi siku moja au zaidi kabla ya safari si wa kupuuzwa.

Kadi ya benki kwenye lango la Mikumi

Wageni wanaofika Mikumi kwa barabara au kwa kuteremka treni Kilosa au Morogoro na kuendelea kwa gari hukutana na tatizo la aina nyingine. Wengi hulipa kwa kadi, na kadi ina hatua ambayo kumbukumbu namba haina: benki iliyotoa kadi lazima iidhinishe muamala papo hapo, mara nyingi kwa kumtumia mwenye kadi namba ya uthibitisho ya matumizi ya mara moja.

Namba hiyo hutumwa kwenye simu iliyosajiliwa benki. Mgeni ambaye laini yake ya nyumbani haishiki mtandao wa hapa, au aliyeiacha hotelini na kununua laini ya Tanzania, hataiona. Ukurasa husubiri, muda unakwisha, na malipo yanakataliwa ingawa kadi ina fedha. Waongoza watalii wenye uzoefu huwauliza wageni jambo hili mapema, wakiwa bado mjini penye mtandao mzuri. Benki nyingine huzuia muamala kutoka nchi ambayo mteja hakutoa taarifa ya kusafiri kwenda, na kuna kadi ambazo hazikufunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni kabisa. Hayo hutatuliwa na benki ya mwenye kadi peke yake. Mhifadhi wa langoni hawezi kuyafungua.

Kadi ikikataliwa, mgeni huweza kuona kwenye akaunti yake kiasi kilekile kimeshikiliwa na kudhani ametozwa. Fedha zilizoshikiliwa hazijaondoka. Benki huzitenga zikisubiri taasisi izichukue, na zisipochukuliwa huachiwa baada ya siku kadhaa kwa mujibu wa utaratibu wa benki husika. Namna rahisi ya kuvuka hapo ni kuomba ada hiyohiyo itolewe kwa kumbukumbu namba na ilipwe kwa simu ya mwenyeji au ya kampuni ya utalii, mradi mgeni ameshahakikisha kuwa malipo ya kadi hayakupita.

Tarehe ya kuingia na idadi ya watu na magari vihakikiwe kabla ya kubonyeza kulipa. Hilo linaonekana dogo, lakini kibali cha Jumamosi hakimwingizi mtu Ijumaa, na marekebisho ya ankara iliyokwishalipwa huchukua muda kuliko kuisoma mara mbili.

Kudai marejesho

Mwananchi akilipa mara mbili, au akilipia huduma aliyoikosa, swali ni nani wa kumdai. Jibu linategemea fedha zimefika wapi. Kama muamala ulishindikana katikati na haukufika GePG, fedha zingali mikononi mwa benki au kampuni ya simu, na huko ndiko zinakodaiwa. Kama zimefika kwenye akaunti ya makusanyo ya taasisi, kampuni ya simu haiwezi kuzirudisha kama inavyofanya kwa aliyetuma fedha kwa namba isiyo sahihi. Taasisi iliyotoa ankara ndiyo inayopokea maombi ya marejesho. Watu wengi huzungushwa baina ya ofisi mbili kwa sababu tu hawajui wapo katika hali ipi. Ombeni kampuni ya simu au benki iwaambie kama muamala umekamilika, pamoja na namba yake, ndipo muende ofisi ya pili.

Maombi yaandikwe. Yataje jina, kumbukumbu namba zote mbili pale ambapo malipo yamerudiwa, namba za miamala, tarehe, kiasi, na huduma ambayo imepatikana au haikupatikana. Ujumbe wa simu una thamani hapa, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki. Usiufute hata baada ya kupiga picha ya skrini.

Asiyeridhika na majibu ya benki au kampuni ya huduma za fedha anaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, lakini ni baada ya kuanza na mtoa huduma mwenyewe. Lalamiko dhidi ya taasisi ya umma linaweza kuwasilishwa kupitia mfumo wa e-Mrejesho, unaopatikana mtandaoni na pia kwa simu isiyo na intaneti kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Wanaosubiri ukwame

Mtu aliyekatwa fedha na kukosa tiketi huwa tayari kumwamini yeyote anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, na matapeli wanalijua hilo. Hupiga simu au kutuma ujumbe wakidai kusaidia muamala uliokwama, kisha huomba namba ya siri, namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu, au “ada ndogo ya kufungua malipo”. Hakuna hatua yoyote kati ya zilizoelezwa hapa inayohitaji mhudumu kujua namba yako ya siri, na ankara ya Serikali hailipwi kwa kutuma fedha kwenye namba binafsi ya simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la taasisi na kiasi vinavyoonekana kwenye skrini. Jina la mtu binafsi mahali pa jina la taasisi ni sababu tosha ya kusitisha.

Tovuti za taasisi za umma kwa kawaida huishia na .go.tz, ingawa baadhi ya mashirika hutumia .co.tz, kwa hiyo ni salama kuanzia kwenye anwani iliyotangazwa na taasisi yenyewe kuliko kwenye kiungo kilichosambazwa katika kundi la WhatsApp. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa ajili hiyo, ukifuatiwa na namba iliyoutuma. Anayetaka kujua kama kuna laini asizozitambua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake anapiga *106#, na akiikuta moja, aende na kitambulisho hicho kwenye duka la kampuni husika iondolewe.